Mlinda Mlango Aliyefungiwa Sandukuni

Kama ulikaa Élisabethville ya Katanga miaka ile ya hamsini na kitu, halafu uniambie humjui Godefroid Numbi, nitakuuliza Jumapili ulikuwa unakwenda wapi. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, mrefu, mwenye viganja vya kukandia bukari, ugali wetu, ya harusi nzima. Kila Jumapili alivaa jezi safi ya Kipanga, klabu ya mtaa wa Cité Albert, akavuta soksi mpaka magotini, akachana nywele kwa maji, akaingia uwanjani pamoja na wenzake na kuwapungia watu mkono. Halafu akaenda kukaa.

Alikaa kwenye ubao wa wachezaji wa akiba, toka filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, na kapu la machungwa katikati ya miguu. Kazi yake ilikuwa kuyakata vipande vinne vinne kabla ya mapumziko. Miaka sita, ndugu yangu! Kuna watu wa Kenya, mtaa wetu, walioamini kabisa kwamba klabu ilimwandika kwa ajili ya machungwa tu, na mimi siwalaumu, maana aliyakata vizuri sana.

Mlinda mlango wa kwanza alikuwa Émile. Huyu Émile, Mungu amsamehe, hakuwa na adabu ya kuugua. Homa iliyolaza nusu ya Cité Albert ilimpita mlangoni bila kubisha. Alikula samaki wa juzi, akanyeshewa, akatumbukia mtaroni na mguu wake wa kushoto, na Jumapili ukimtafuta yuko golini anapiga mluzi. Godefroid alifika mahali pa kupiga magoti kanisani na kumwomba Mungu ampe Émile homa ndogo tu, ya siku mbili, isiyo na madhara. Baadaye akaona haya, akaenda kuungama. Padri akamuuliza kama ametubu kweli. Akajibu kwamba ametubu, lakini siyo sana.

Wala usidhani hakujua kazi. Siku sita za juma alikuwa kwenye tanuri la matofali upande wa Ruashi, ambako nyumba mpya zilikuwa zinaota kila siku na malori hayakosekani. Namna ya kupakia ni hii: mmoja anasimama chini penye tanuri, anarusha matofali mawili mawili, mwingine yuko juu ya lori, anayadaka na kuyapanga. Matofali yenyewe bado yana moto wa jana. Ukikosa, yanakula mguu wako. Aliyerusha alikuwa Ngosa, na aliyedaka alikuwa Godefroid, na walikuwa wamefanya hivyo kwa muda mrefu hata Ngosa alirusha huku anasalimiana na wapita njia, na Godefroid alidaka huku anapiga miayo.

Ngosa huyo ndiye aliyekuwa kapteni wa Tanuri, timu ya wapiga matofali wa Ruashi, ambayo kila mwaka ilishika mkia wa ligi kwa uaminifu. Mlinda mlango wao alikuwa fundi viatu, mtu mwema, mcha Mungu, aliyefumba macho kila mpira ulipomjia. Kwa hiyo kila siku Ngosa alimwambia Godefroid aje kwao, atacheza kila Jumapili mpaka aombe kupumzika. Na Godefroid alitaka jambo hilo kuliko nyama. Hakutaka kombe wala picha gazetini. Alitaka kusimama katikati ya nguzo mbili watu wakimtazama, kabla magoti hayajazeeka. Basi.

Sasa utaniuliza, si angehama tu? Ehee, hujui mambo ya wakati ule. Kila mchezaji alikuwa na karatasi yenye picha na muhuri wa ligi, walioiita lisansi. Bila karatasi hiyo huingii uwanjani, hata uwe na miguu ya dhahabu. Na karatasi haikukaa kwako, ilikaa kwa klabu. Ukitaka kuhama, prezida wa klabu aisaini na akupe kwa mkono wake. Akikataa, unaweza kuondoka na hasira zako, lakini karatasi inabaki, nawe unabaki mtazamaji. Mwisho wa mkataba haukuwepo. Ulisaini siku moja ukiwa kijana wa kusifiwa, ukawa wa klabu hiyo mpaka meno yang'oke.

Prezida wa Kipanga alikuwa Bwana Rigobert, karani mwenye miwani, mfunga tai hata siku za joto. Karatasi za wachezaji wake alizitunza katika sanduku la bati chini ya kitanda, na ufunguo ulining'inia shingoni pake pamoja na medali ya Bikira Maria. Mle ndani mlikuwa na karatasi ishirini na mbili. Kumi na moja zilikuwa za wanaocheza, tatu za wanaocheza kwa zamu, na nane zilikuwa za watu wasiocheza kabisa, kazi yao kula machungwa ya Godefroid. Ukimuuliza kwa nini asiwaachie hao nane, alisema kwamba akiwaachia watakwenda timu nyingine kisha warudi kumfunga.

Na hapo, lazima tuseme ukweli, alikuwa na akili. Kipanga ilichukua ubingwa miaka minne mfululizo, na sehemu ya siri yake ilikuwa ubao ule. Désiré, yule winga aliyewainua watu wa Kenya vitini kila alipogusa mpira, Rigobert alimchukua kutoka timu ndogo na kumkalisha. Alikuwa amekaa miaka minne. Ni sawa na mtu anayenunua ngoma zote za mtaani, siyo kwa sababu anazipiga, ila jirani asicheze.

Mwaka wa hamsini na tano Padri aliyeongoza ligi alichoka. Watu walianza kubaki nyumbani, maana ni nani atatembea jua lote lile kutazama mshindi anayejulikana toka Pasaka? Akaweka sheria mpya. Mchezaji ambaye klabu yake haikumpanga hata mechi moja msimu mzima, msimu ukiisha atapewa karatasi yake, aende anakotaka.

Siku aliyoisikia habari hiyo Godefroid alikula bukari mara mbili. Toka hapo alihesabu Jumapili kama mfungwa anavyohesabu ukutani, na maombi yake yaligeuka. Alimwomba Mungu amlinde Émile, ampe nguvu, amwepushe na mbu. Mke wake Wivine, aliyeuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, sokoni Kenya na ulimi wake haukujua likizo, alimpelekea Émile mtungi mzima wa munkoyo bure, akamwagiza anywe yote, mahindi yanatia damu. Émile alishangaa sana kupendwa hivyo na nyumba ya mpinzani wake. Aliunywa, akazidi kunawiri.

Oktoba ikafika, ikabaki Jumapili moja. Godefroid hakuwa amecheza hata dakika. Mechi ya mwisho ilikuwa Kipanga na Tanuri, wa kwanza na wa mwisho, na Kipanga walihitaji sare tu ili kombe libaki kwao. Ngosa alikuwa amekwisha kumshonea Godefroid jezi kwa ajili ya msimu ujao.

Alhamisi jioni orodha ya wachezaji ikabandikwa kwenye mlango wa nyumba ya klabu. Godefroid alipita hapo kwa mazoea tu, kama mtu anayepita mbele ya duka asilo na haja nalo. Akasoma. Jina la kwanza lilikuwa Godefroid Numbi.

Akasoma tena. Chini yake alikuwepo Désiré, na chini ya Désiré walifuata wale wengine, wote nane wa ubaoni. Wa kawaida walikuwa watatu tu. Prezida Rigobert alikuwa ameipiga hesabu kimyakimya: sheria ya Padri inasema hata mechi moja yatosha, basi mechi ni hiyo. Tanuri ni Tanuri, hata ukiwafunga wachezaji wako kamba miguuni watapata sare nao. Watacheza wote nane siku moja, kombe litabaki, na sanduku litabaki limejaa.

Miaka sita Godefroid alikuwa amelitafuta jina lake kwenye mlango ule, na leo lilikuwepo juu kabisa, kwa wino mweusi, naye akatamani lifutike. Akisimama golini Jumapili hiyo, Jumapili inayofuata amerudi kwenye kapu kwa mwaka mwingine. Na enzi zile hapakuwa na kubadilisha mtu. Aliyeanza ndiye aliyemaliza.

Alipomweleza Wivine, mama yule alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, maana alimwona mumewe machoni. Wakaanza kutafuta mlango wa kutokea. Kuugua haiwezekani, klabu ilikuwa na Pierre, muuguzi, ambaye angekuja na kipimo chake cha homa mpaka kitandani. Kukosa kufika bila sababu ni kufungiwa na ligi mwaka mzima. Kikabaki kitu kimoja ambacho hakuna mtu wa Katanga anayekipinga, nacho ni kilio. Mtu aliyefiwa hachezi mpira. Hata Prezida Rigobert hawezi kumtoa mtu penye msiba wake.

Godefroid akamchagua mjomba Mwansa wa Kambove. Alijiambia kwamba huo siyo uongo hasa, kwa kuwa Mwansa alikufa kweli. Alikufa wakati wa vita, miaka kumi na moja iliyopita, lakini nani atauliza mwaka? Wivine akamkumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Godefroid akajibu kwamba ya kwake haina haja ya kuwa ndefu, ifike Jumapili tu.

Ijumaa asubuhi akapeleka habari klabuni, sura imeanguka. Prezida Rigobert akatoa pole. Sasa tazama kosa la mtu huyu. Alikuwa amemfikiria Rigobert usiku kucha, akausahau mtaa. Kenya kilio hakiwi chako peke yako. Saa kumi alasiri wanawake walikuwa wamekwisha kutandika mikeka uani, wanaume wanashusha kuni, majirani wamehamisha masufuria, na klabu nzima ya Kipanga inaingia kwa mstari na mfuko wa unga. Mbele yao alikuwa Émile, mzima wa afya, na gogo begani. Nyuma alikuja Prezida Rigobert na tai nyeusi.

Na katikati ya wanawake akakaa Nkambo Clotilde. Huyu alikuwa bibi wa mtaa, aliyeongoza vilio vyote toka barabara hiyo ilipopewa jina. Naye halii ovyo. Kabla ya kufungua mdomo huuliza marehemu ni wa ukoo gani, alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alipenda nini, kwa sababu kumlilia mtu bila kuitaja safari yake ni kumtukana. Godefroid akajibu moja moja, jasho likimtoka. Mwansa, ndiyo. Wa Kambove. Alichimba shaba. Kidole kimoja kilikatika. Alipenda tumbaku.

Nkambo Clotilde akaanza. Akamlilia Mwansa kwa sauti iliyosimamisha wapita njia, akamtoa kijijini, akampandisha treni, akamfikisha Kambove, akamkata kidole. Alipofika kwenye tumbaku akanyamaza. Akamgeukia Godefroid.

“Mutoto, ule Mwansa nilishamuliliaka,” akasema. “Ni wakati ya vita. Sauti yangu ilipoteaka juma muzima. Muntu habamulilie mara mbili.”

Mila yetu kuhusu jambo hilo ni nyepesi. Ukiwaita watu kwenye kilio ambacho hakipo, utawalisha kana kwamba kipo. Kuku wawili wa Godefroid walikufa hapo hapo, hao ndio marehemu wa kweli wa siku ile, na munkoyo wote ambao Wivine angeuuza Jumamosi ukaisha kabla jua halijazama. Wivine aliugawa mwenyewe, kikombe kwa kikombe, akimtazama mumewe bila kusema neno. Heri angesema.

Prezida Rigobert alikula paja. Alipomaliza alipangusa miwani, akasema kwa upole kwamba, kwa kuwa huzuni yenyewe iliisha pamoja na vita, wataonana Jumapili golini.

Jumapili baada ya misa Désiré aliwakusanya wale nane nyuma ya kanisa. Kila mmoja alikuwa na mahali pa kwenda. Mmoja alikuwa na mdogo wake katika timu ya Katuba, mwingine aliahidiwa namba Kambove. Désiré akasema hakuna dawa isipokuwa moja. Wafungwe. Siyo kidogo, wafungwe matano, sita, na timu ya mwisho, na kombe lipotee mbele ya watu wote. Rigobert mwenyewe atawatupia karatasi zao barabarani kwa hasira. Wote wakaitikia. Godefroid naye alitikisa kichwa kukubali, na alitikisa kwa moyo wake wote. Ngosa naye alipewa habari, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Uwanja ulijaa. Watu walikuja kwa sababu ya orodha ile, wakitaka kuona machungwa yakicheza. Godefroid alipokwenda golini walimcheka, kicheko kile cha urafiki kinachouma kuliko matusi. Aligusa nguzo ya kulia, akagusa ya kushoto. Akatazama mbele, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa miaka sita, maana ubaoni unautazama mpira kwa ubavu. Aliuona uwanja mzima ukimjia.

Dakika ya tatu mabeki wa Kipanga walijitenga kama mapazia. Ngosa akapita katikati peke yake. Hakupiga hata kwa nguvu. Alipiga mpira wa heshima, wa kumsaidia mtu, pembeni kidogo, kimo cha kiuno, hata yule fundi viatu angeweza kusingizia kwamba umemponyoka.

Godefroid aliudaka.

Nakuapia hakukusudia. Mpira ulitoka kwa Ngosa, na kila kilichotoka kwa Ngosa mikono ile ilikuwa ikikidaka miaka yote, Jumatatu mpaka Jumamosi. Désiré alimtolea macho. Godefroid akainua kiganja kuomba msamaha, akajiambia unaofuata utapita. Uliofuata ulikwenda juu, kona ya kushoto, naye akajikuta huko juu, kona ya kushoto, na mpira kifuani. Na hapo watu wakaacha kucheka. Mtu mmoja akaita jina lake. Kisha wakaliita mia, Numbi, Numbi, naye akavuta soksi upya mpaka magotini.

Basi ikawa vita ya ajabu. Wenzake saba wanafungua milango, yeye anafunga. Wanampa Ngosa pasi, yeye anamnyang'anya miguuni. Wakati wa mapumziko hakuna aliyemsemesha. Kipindi cha pili ilikuwa vilevile, na kila mpira Godefroid aliapa kuuachia, na kila mpira mikono ilikataa kiapo. Prezida Rigobert alikuwa amefungua tai, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Zikibaki dakika tano Désiré aliona mambo hayaendi. Akaudaka mpira kwa mikono miwili ndani ya boksi lake mwenyewe, akamkabidhi mwamuzi kama anampa mtoto abatizwe. Penalti. Ngosa akauweka mahali pake, kisha akasogea mpaka karibu na mstari wa goli, kana kwamba anafunga kamba ya kaptura.

“Godefroid,” akasema polepole, “uachie upite. Huu njo barua yako ya kuhama.”

Godefroid alijua ni kweli. Upite huo, na mwakani yuko Ruashi, kila Jumapili, mpaka aombe kupumzika. Aliitazama miguu ya Ngosa. Alitaka kuuachia, nakwambia alitaka, machozi yalikuwa yamemjaa. Ngosa akapiga, safari hii kwa nguvu zake zote, ili rafiki yake asiwe na la kujilaumu. Godefroid akaruka kulia na kuukumbatia mpira, akaanguka nao, akalala juu yake kama mama juu ya mwana.

Sare, bila kwa bila. Kipanga mabingwa mara ya tano.

Watu waliingia uwanjani, wakambeba. Wenzake saba walipita bila kumpa mkono, na nani atawalaumu, amewafungia klabuni mwaka mwingine mzima kwa mikono yake. Aliposhushwa chini alimkuta Ngosa amesimama hapo, anahema. Ngosa alimuuliza neno moja tu, kwa nini.

“Nilingojeaka miaka sita muntu anitupie mupira,” Godefroid akasema. “Sikuweza kuuachia, ndugu yangu. Hata mumoja.”

Akalia. Alilia wazi, mbele ya watu, huku amevaa jezi ya ushindi, na hivyo ndivyo Padri wa ligi alivyomkuta alipokuja na kombe. Padri alikuwa amezoea mabingwa wanaolia, lakini akatazama huku na huku na kuona hapa kuna mabingwa wanane wenye sura za matanga. Akamuuliza Godefroid. Godefroid hakuwa na nguvu ya uongo tena, uongo wake ulikuwa umeliwa Ijumaa na kuku wawili. Akaeleza yote, orodha, sanduku, hata mjomba Mwansa. Padri akaomba karatasi ya mechi, akayasoma yale majina nane, akaelewa kwamba sheria aliyoitunga iwe ufunguo imefanywa kufuli la pili. Hakupiga kelele. Alimkabidhi Rigobert kombe bila kumtazama.

Wiki mbili baadaye aliwaita maprezida wote. Akatangaza kwamba toka mwaka huo, kila msimu ukiisha karatasi ni ya mchezaji mwenyewe. Anayetaka kubaki atasaini upya, anayetaka kwenda aende. Maprezida wa timu nyingine walipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Rigobert alisimama kupinga, akasema kwa Kifaransa kizuri sana kwamba hiyo ni kubomoa nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi. Padri akamjibu kwamba nyumba inayosimama kwa sababu mlango umefungwa kwa nje, hiyo ni gereza, na wakaendelea na ajenda.

Jumapili ya kuchukua karatasi, meza iliwekwa katika ua wa shule ya misheni. Rigobert alikuja na sanduku lake juu ya baiskeli. Nadhani alikuwa na matumaini. Alikuwa amewaza kwamba labda wataondoka wale nane, basi, wale wakubwa watabaki na bingwa. Lakini mtu uliyemfungia hujui kama anakupenda, na Rigobert hakuwahi kuacha mlango wazi ili ajue. Désiré alichukua karatasi yake, akaibusu, akaondoka mbio. Wakafuata wenzake. Kisha wakaanza wale wa kawaida, mmoja mmoja, hawakutazama juu. Watu wa timu ya reli waliwaahidi wengine kazi nzuri, wengine walikuwa na ndugu kule Katuba. Émile mwenyewe akaja. Alikuwa ameudhika toka siku ile aliyokalishwa ubaoni na kumsikia mtu mwingine akiitwa kwa jina, siku moja tu ya ubao ikamshinda. Akachukua yake na kwenda kwa watu wa reli. Mtaka yote hukosa yote, walisema wahenga, na Rigobert alikuwa anaitazama methali hiyo ndani ya sanduku la bati. Zilibaki karatasi sita.

Godefroid alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Upande wa pili wa ua Ngosa alikuwa amekaa juu ya baiskeli yake, mguu mmoja chini, anangoja.

Rigobert aliitoa karatasi, akaishika kwa mikono miwili. Akavua miwani. Bila miwani alikuwa na uso wa mtu wa kawaida, aliyechoka.

“Godefroid, nakuomba,” akasema. “Ubakie. Sasa weye njo gardien wetu wa goli, kila Jumapili. Bila weye Kipanga inakufa.”

Mara ya kwanza katika miaka sita. Mtu huyu alikuwa amempanga, amemkalisha, amemkatisha machungwa, amemlia kuku, lakini hakuwahi kumwomba. Neno hilo lilimwingia Godefroid kifuani, likakaa vizuri. Akanyoosha mkono.

“Nipe kwanza, Prezida.”

Rigobert akampa. Godefroid akaifungua. Mlikuwa na picha yake, kijana mwenye nywele nyingi na macho ya kuamini kila kitu. Alisoma jina lake mpaka mwisho. Akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko. Kisha akanyooka.

“Sasa,” akasema, “niombe tena.”

Na Rigobert akamwomba tena. Alimwomba vizuri zaidi, kwa maneno marefu, kwa heshima ya klabu na ya watu wa Cité Albert, mkono mmoja juu ya tai. Godefroid alimsikiliza toka neno la kwanza mpaka la mwisho, wala hakumharakisha, maana yalikuwa maneno matamu na alikuwa na haki nayo. Yalipokwisha alimshukuru Prezida wake kwa mikono miwili. Halafu, kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake, akasema hapana.